Kalamu ya Tarehe 20 Januari

Hotuba niliyoitoa mbele ya jumuiya yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili, Columbus, Ohio, Jumamosi 14 Februari 2026. Naiweka yote kwa ajili ya waliokuwa kazini na walioshindwa kufika.

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, vijana, wachungaji na masheikh mliotupa heshima ya kuja: asalaam alaykum, Bwana asifiwe, karibuni sana. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku na macho ni mazito. Asanteni kwa kuja hivyo hivyo.

Wengi mnanijua kwa darasa la uraia. Tangu Oktoba mwaka jana mtihani umekuwa mgumu zaidi: maswali ni 128, unaulizwa 20, na usipopata 12 unarudi nyumbani kusoma tena. Kuna swali moja ambalo wanafunzi wangu hulijibu kwa sauti moja, kama wimbo wa shule. Kwa nini serikali ya Marekani ina mihimili mitatu? Jibu: ili mmoja usipate nguvu kupita kiasi. Vizuri sana, umefaulu. Lakini je, ndugu zangu, tunaliamini jibu hilo hata siku ambayo aliyepata nguvu kupita kiasi anafanya jambo tunalolipenda?

Viongozi walionialika waliniomba nizungumzie mambo yanayotugombanisha kwenye magrupu ya WhatsApp: nguvu za rais, tuhuma kwamba fulani ni mtiifu kwa nchi nyingine, na habari za watu waliobadili jinsia. Wakaniambia, mwalimu, chagua moja tu, usije ukatupasua. Nimekataa kuchagua. Nitawaeleza kwa nini.

Jumatatu ya tarehe 20 Januari 2025, Rais Trump aliapishwa mchana. Kabla siku haijaisha alikuwa ametia saini amri 26. Nyingine alizisaini juu ya meza ndogo katika ukumbi wa michezo wa Capital One Arena, Washington, umati ukishangilia, kisha akawarushia watu kalamu. Mwaka ulipokwisha, amri zilikuwa zimepita 200. Katika hizo za siku ya kwanza, nataka tushike mbili.

Ya kwanza ni amri namba 14168. Inasema kwamba serikali ya shirikisho itatambua jinsia mbili tu, mume na mke, na kwamba jinsia hiyo haibadiliki. Ya pili ni amri namba 14160. Inasema kwamba mtoto atakayezaliwa Marekani kuanzia siku 30 baada ya amri hiyo hatahesabiwa raia iwapo mama yake yuko nchini bila kibali, au yuko kwa kibali cha muda, na baba si raia wala hana makazi ya kudumu.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye chakula cha pamoja baada ya ibada. Ndugu mmoja, mtu mwema ninayemheshimu, alisimama na simu yake akasoma habari ya amri ile ya kwanza. Watu wakapiga makofi. "Mungu ni mwema," akasema, na ukumbi ukaitikia. Nyuma yake alikaa kijana mmoja anayesoma hapa kwa viza ya mwanafunzi, na mkewe mjamzito, mimba ya miezi saba. Sahani yake ya pilau alikuwa hajaigusa. Alikuwa anasoma amri ile ya pili, anapitisha kidole juu ya kioo cha simu mstari kwa mstari. Akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, hapa wanaposema kibali cha muda, ni sisi?"

Nikamjibu, ndiyo, ni ninyi. Nikamwambia pia kwamba Alhamisi iliyopita jaji mmoja wa Seattle, John Coughenour, aliyeteuliwa na Rais Reagan mwaka 1981, alikuwa ameisimamisha amri ile na kusema waziwazi kwamba inavunja Katiba. Lakini uso wa mkewe haukubadilika.

Ndugu zangu, siku moja. Mtu mmoja. Kalamu moja. Nusu ya ukumbi unashangilia amri moja, na mstari wa nyuma mtu hawezi kula kwa sababu ya nyingine. Waswahili tunasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Leo nawaomba tuutazame msumeno wenyewe, tuache kidogo kutazama mti unaokatwa.

Tuanze na nguvu za rais, na tuanzie hapa hapa Ohio. Panda gari, chini ya saa tatu uko Youngstown. Mji ule ulikuwa unawaka moto usiku na mchana kwa viwanda vya chuma. Mwaka 1952 Marekani ilikuwa vitani Korea, na wafanyakazi wa chuma nchi nzima walikuwa wametangaza mgomo. Rais Truman aliona kwamba bila chuma hakuna risasi, na bila risasi vijana watakufa. Basi usiku wa 8 Aprili 1952, saa chache kabla ya mgomo kuanza, akalitangazia taifa kwamba serikali inavitwaa viwanda. Hakuwa na sheria ya Bunge mkononi. Tena Bunge la Congress lilikuwa limekwisha kupewa wazo la kumpa rais nguvu za namna hiyo mwaka 1947 na likalikataa.

Kampuni ya Youngstown Sheet & Tube ikaenda mahakamani. Majaji wa Mahakama ya Juu walikuwa tisa, na wote tisa walikuwa wameteuliwa na Roosevelt au na Truman mwenyewe. Mngetegemea nini? Tarehe 2 Juni, kwa kura 6 dhidi ya 3, wakamwambia: hapana. Wawili kati ya wale sita walikuwa wateule wake. Na Truman alifanya nini? Alivirudisha viwanda siku hiyo hiyo. Mgomo ukaanza, ukaendelea kwa zaidi ya siku 50, na nchi haikufa.

Katika kesi ile Jaji Robert Jackson aliandika maelezo ambayo mpaka leo wanasheria hapa huyasoma kama msahafu. Alisema, kwa maneno yangu: rais akitenda pamoja na Bunge, ana nguvu zake na nguvu za Bunge. Akitenda pale ambapo Bunge limenyamaza, yuko kwenye giza la jioni, huoni vizuri. Akitenda kinyume cha matakwa ya Bunge, nguvu zake ziko chini kabisa, na mahakama inapaswa kumtazama kwa makini sana. Likumbukeni jina hilo, Jackson. Tutakutana naye tena baada ya dakika chache.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunayajua haya kwa mwili, si kwa kitabu. Wazee wa Kenya mliopo hapa, mnakumbuka taarifa ya habari ya saa saba mchana? Waziri anakula chakula chake hotelini, redio inalia, na yeye anasikia pamoja na mhudumu kwamba kazi hana. Hakuna barua, hakuna sababu. Watanzania, mnakumbuka tamko la jukwaani likigeuka agizo kabla msafara haujaondoka uwanjani? Wengine humu ndani mmekimbia nchi ambazo amri moja ya usiku ilitosha kuwafanya wageni katika kijiji mlichozaliwa. Je, mtu aliyeona hayo anaweza kupiga makofi kwa sababu tu leo amri imemwangukia jirani asiyempenda?

Na tusidanganyane kwamba ni rais huyu peke yake. Biden alipotaka kufuta mikopo ya wanafunzi, karibu dola bilioni 400, kwa tafsiri yake ya sheria ya zamani, wengi wetu tulifurahi, maana mikopo ile ilikuwa ya watoto wetu. Mahakama ya Juu ikamzuia Juni 2023, kwa kura 6 dhidi ya 3. Mimi nilisikitika kwa ajili ya vijana wetu. Lakini Congress haikuwa imempa ruhusa hiyo, na haki ni kusema hivyo. Anayetaka mipaka kwa rais asiyempenda, lazima aitake na kwa rais anayempenda.

Mipaka yenyewe siku hizi imelegea. Julai 2024 mahakama ile ile ilisema rais ana kinga dhidi ya mashtaka ya jinai kwa matendo yake mengi ya kikazi. Juni 2025, katika kesi iliyoanzia na amri hii ya uraia wa watoto, ikawapunguzia majaji wa chini uwezo wa kusimamisha amri nchi nzima kwa pigo moja. Wanasheria wakageuka, wakafungua kesi ya kundi zima la watoto huko New Hampshire, na jaji akaisimamisha tena mwezi Julai. Desemba iliyopita Mahakama ya Juu ilikubali kuisikiliza yenyewe. Kwa hiyo kina mama, mkiulizwa leo, jibu ni hili: amri ile haijaanza kutumika. Mtoto aliyezaliwa hapa, kachukueni cheti chake cha kuzaliwa, mwombeeni pasipoti, msingoje.

Sasa nije kwenye utii. Nani ni wa nchi hii kweli? Nani moyo wake uko kwingine?

Alhamisi ijayo ni 19 Februari. Tarehe hiyo mwaka 1942 Rais Roosevelt alitia saini amri namba 9066. Japani ilikuwa imeshambulia Pearl Harbor karibu wiki kumi na moja kabla. Amri haikutaja Wajapani hata mara moja. Ilisema tu kwamba makamanda wa jeshi wanaweza kutenga maeneo na kumwondoa yeyote. Lakini kila mtu alijua "yeyote" ni nani. Watu karibu 120,000 wenye asili ya Japani waliondolewa pwani ya magharibi wakapelekwa makambini. Theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani, wengi watoto.

Palikuwa na kijana mmoja, Fred Korematsu. Kazaliwa Oakland, California, mwaka 1919, wazazi wake wana bustani ya maua. Alijaribu kuingia jeshini, wakamkataa kwa sababu ya afya. Akawa fundi wa kuchomelea vyuma bandarini, wakamfukuza kwa sababu ya asili yake. Amri ilipotoka, familia yake ilijisalimisha. Yeye akagoma. Alimwendea daktari amfanyie upasuaji mdogo wa macho ili asitambulike, upasuaji wenyewe haukusaidia kitu, na tarehe 30 Mei 1942 akakamatwa mtaani San Leandro. Wakampeleka Tanforan, uwanja wa mbio za farasi. Mnajua walilala wapi? Kwenye mabanda ya farasi. Banda lina pengo chini ya mlango, upepo unapita, na balbu moja juu. Raia wa Marekani.

Mwaka 1943 serikali ikaleta fomu makambini. Swali la 27: uko tayari kulitumikia jeshi popote utakapotumwa? Swali la 28: unaapa utii kwa Marekani na kuukana utii wowote kwa mfalme wa Japani? Hebu fikirini. Kijana aliyezaliwa Oakland anaambiwa akane utii ambao hajawahi kuwa nao. Akisema ndiyo, je, amekiri kwamba aliwahi kuwa nao? Na mama yake, aliyezaliwa Japani, ambaye sheria ya Marekani ya wakati ule ilimkatalia uraia: akisema ndiyo anabaki hana nchi yoyote duniani. Walisema hapana watu maelfu, wengine kwa uchungu tu, wakapelekwa kambi ya Tule Lake kama wasaliti. Na wakati huo huo vijana kutoka makambi hayo hayo walikuwa wanapigana Italia na Ufaransa katika kikosi cha 442, mmoja wa vikosi vilivyopata nishani nyingi zaidi katika jeshi la Marekani, huku wazazi wao wamezungushiwa seng'enge.

Desemba 1944 Mahakama ya Juu ikasema, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba serikali ilikuwa na haki kumtia Korematsu hatiani. Mmoja wa watatu waliokataa alikuwa nani? Jackson. Yule yule. Aliandika kwamba kanuni ile itabaki imelala kama silaha iliyojaa risasi, tayari kwa mkono wa mtawala yeyote atakayekuja na dai la dharura.

Miaka 39 baadaye, mwaka 1983, watafiti walikuwa wamegundua nyaraka zilizoonyesha kwamba serikali iliificha mahakama ushahidi kutoka kwa wapelelezi wake yenyewe, ushahidi kwamba hatari haikuwa kama ilivyodaiwa. Jaji Marilyn Hall Patel wa San Francisco akaifuta hukumu ya Korematsu. Mwaka 1988 Rais Reagan akasaini sheria ya kuomba radhi na kumlipa kila aliyekuwa hai dola 20,000. Na tume iliyochunguza haikupata kisa hata kimoja kilichothibitishwa cha ujasusi au hujuma kilichofanywa na Mjapani wa pwani ile. Hata kimoja.

Mnaniuliza, mwalimu, haya ya Wajapani yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Obama alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961. Baba yake alitoka Kogelo, Siaya. Kwa miaka mingi aliambiwa amezaliwa Kenya, si wa hapa, atoe cheti. Akiwa tayari rais, alilazimika kutoa cheti chake kamili cha kuzaliwa Aprili 2011. Leo meya wa New York, Zohran Mamdani, amezaliwa Kampala. Juni mwaka jana, kabla hata hajachaguliwa, mbunge mmoja wa Tennessee, Andy Ogles, aliiandikia Wizara ya Sheria akitaka achunguzwe na kuvuliwa uraia. Ilhan Omar, mbunge wa Minnesota aliyeishi miaka ya utoto wake katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, ameambiwa na rais mwenyewe arudi alikotoka.

Lakini nitasema na upande wa pili, maana nimeahidi kusema kweli. Februari 2019 Ilhan Omar huyo huyo alizungumza juu ya watu wanaosukuma utii kwa nchi ya kigeni, akimaanisha wanaoitetea Israel. Wayahudi wengi wa Marekani waliumia, kwa sababu wao wamebeba tuhuma hiyo ya mioyo miwili kwa karne nyingi, na babu zao waliuawa kwa ajili yake. Mtu ana haki ya kupinga sera za Israel mpaka sauti ikauke. Kumwambia jirani yako kwamba utii wake uko nje ni jambo jingine. Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio mwezi Machi, kura 407 dhidi ya 23, kulaani chuki dhidi ya Wayahudi na dhidi ya Waislamu pia, na Omar mwenyewe aliliunga mkono. Nalisema hili kwa sababu sisi tuliochomwa na tuhuma hii tunaweza kuwachoma wengine nayo, tena kwa urahisi.

Na sasa imefika mlangoni petu. Seneta wetu hapa Ohio, Bernie Moreno, mzaliwa wa Bogotá, Colombia, aliwasilisha Desemba iliyopita muswada wa kupiga marufuku uraia pacha. Mwenye uraia wa nchi mbili apewe mwaka mmoja achague, asipochagua ahesabiwe ameuacha wa Marekani. Moreno mwenyewe aliuacha wa Colombia alipoapa, na ninaheshimu uamuzi wake. Watanzania humu ndani mnaujua uchungu huu kutoka upande wa pili, maana nyumbani sheria haituruhusu kushika vyote viwili, na mtu akiapa hapa amekatika kule. Wakenya, Waganda, Wanyarwanda, ninyi mnazo pasipoti mbili kabatini. Je, yule muuguzi Mkenya anayekesha na wagonjwa wa Columbus na kumtumia mama yake Nyeri pesa za dawa kila mwezi, ni nusu Mmarekani?

Lipo jambo la kutuliza moyo. Mwaka 1967, katika kesi ya Beys Afroyim, mchoraji mzaliwa wa Poland aliyevuliwa uraia kwa kupiga kura Israel, Mahakama ya Juu ilisema Congress haiwezi kumpokonya raia uraia wake bila yeye mwenyewe kukubali. Kura 5 dhidi ya 4. Muswada wa Moreno utagonga ukuta huo. Lakini mmesikia: tano dhidi ya nne.

Sasa nafika pale ambapo wengine mtakunja uso. Naomba subira yenu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, hofu ilihamia kwa Wakomunisti. Tarehe 27 Aprili 1953 Rais Eisenhower alitia saini amri namba 10450 juu ya usalama wa watumishi wa serikali. Ndani ya orodha ya mambo ya kumfukuzisha mtu kazi, pamoja na usaliti na ulevi wa kupindukia, waliweka "upotovu wa kijinsia", wakimaanisha hasa mapenzi ya jinsia moja. Hoja ilikuwa kwamba mtu wa namna hiyo ana siri, na mwenye siri atatishwa na majasusi wa kigeni mpaka aiuze nchi. Maelfu walipoteza kazi. Mmoja alikuwa Frank Kameny, daktari wa falsafa wa Harvard katika elimu ya nyota, aliyepigana Ulaya vitani. Mwaka 1957 idara ya ramani ya jeshi ikamfukuza. Hakuna aliyedai ameuza siri yoyote. Mwaka 2009 serikali ikamwomba radhi kwa maandishi. Alikuwa na miaka 84.

Mnaona namna mambo matatu yanavyofungana? Kalamu ya rais. Tuhuma ya nchi za nje. Na mtu ambaye maisha yake hatuyaelewi.

Tarehe 27 Januari 2025 Rais Trump alisaini amri namba 14183 juu ya wanajeshi waliobadili jinsia. Nimeisoma neno kwa neno. Kama ingesema tu kwamba matibabu fulani hayaendani na vita, tungejadili matibabu. Lakini inasema kwamba kushika utambulisho wa kijinsia usiolingana na jinsia ya kuzaliwa kunapingana na ahadi ya askari kuishi maisha ya heshima, ukweli na nidhamu. Yaani mtu wa aina hiyo hawezi kuwa mkweli. Wote. Bila kuangalia faili la mtu hata mmoja. Aliyeongoza kesi dhidi ya amri ile ni Emily Shilling, kamanda wa jeshi la majini na rubani aliyeruka vitani zaidi ya mara 60. Je, rubani huyo alikosa nidhamu mara ya ngapi? Tarehe 6 Mei 2025 Mahakama ya Juu iliruhusu amri itumike wakati kesi inaendelea. Novemba ikaruhusu vilevile pasipoti ziandikwe jinsia ya kuzaliwa tu.

Tazameni pia jinsi askari hao walivyorushwa. Mwaka 2016 waziri wa ulinzi wa Obama akawaruhusu. Julai 2017 Trump akawakataza kwa ujumbe wa Twitter. Januari 2021 Biden akawarudisha. Januari 2025 wakatolewa tena. Mtu ameingia jeshini akiwa na miaka 20, kabla hajafika 30 ameambiwa na nchi yake njoo, toka, njoo, toka. Nani kati yenu anaweza kujenga maisha hivyo? Wenye hifadhi ya muda humu ndani mnajua. Wenye kesi za ukimbizi mnajua. Kibali chenu kinategemea kalamu ile ile.

Naomba nieleweke. Mimi ni mtu wa dini, nimelelewa kuamini kwamba Mungu aliumba mume na mke, na sikuja hapa kumwambia mchungaji au sheikh abadili mahubiri yake. Yako mambo katika suala hili ambayo watu wenye nia njema wanatofautiana kweli kweli: michezo ya wasichana, dawa kwa watoto. Na njia ya kuyajadili ipo. Hapa Ohio muswada wa HB 68, uliohusu mambo hayo mawili, ulijadiliwa hadharani, wazazi na madaktari wakatoa ushahidi. Gavana DeWine, Mrepublican, aliupinga kwa kura yake ya turufu Desemba 2023, Bunge la jimbo likamshinda Januari 2024, na mpaka leo kesi iko mahakamani. Mimi sikuupenda muswada ule. Lakini namjua mbunge wangu aliyeupigia kura, ninaweza kumwandikia, na ninaweza kumnyima kura.

Wengine husema haya ni mambo ya wazungu, mabeberu wametuletea. Nyumbani tunalisikia kila siku: anayetetea haki hizi ni kibaraka wa mabeberu. Museveni aliposaini sheria kali ya Uganda dhidi ya mapenzi ya jinsia moja Mei 2023, hoja ya kigeni ilikuwa mbele. Basi nimtaje Mkenya mmoja, Audrey Mbugua. Alifanya mtihani wa kidato cha nne Kiambu kwa jina la kiume, akafaulu vizuri, na baadaye akashindwa kupata kazi kwa sababu cheti kilisema mtu mmoja na aliyesimama mbele ya mwajiri alikuwa mwingine. Alikwenda Mahakama Kuu, Nairobi. Oktoba 2014 jaji akaliamuru Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, limpe cheti kipya chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Hakuna beberu pale. Mwanakenya, jaji wa Kenya, Katiba ya Kenya ya 2010, cheti cha KNEC.

Na humu Columbus? Kuna mzazi mmoja wa jumuiya yetu ambaye mtoto wake ni mmoja wa hawa. Ameacha kuja kwenye shughuli zetu, kwa sababu kila akija anasikia mzaha. Huyo mzazi alitoka kambini kama wengi wenu. Sioni dini inayotuagiza kumfukuza.

Basi mwaka huu ni wa uchaguzi. Uchaguzi wa awali wa Ohio ni 5 Mei, na ule mkuu ni 3 Novemba. Wagombea watakuja hapa, watakula sambusa zetu na kupiga picha. Msiwaulize tu kama wanawapenda wahamiaji, watasema ndiyo wote. Waulizeni: rais wa chama chako akisaini amri ambayo Bunge halikuipitisha, utasimama? Lini ulisimama mara ya mwisho? Waulizeni juu ya muswada wa uraia pacha, na mshike jibu kwa maandishi. Na mkimsikia mgombea anasema kundi zima la watu ni waongo au si watiifu, mwombeni ataje mtu mmoja na kosa lake.

Ambao hamjajiandikisha kupiga kura, fomu ziko meza ya kushoto, na dada zetu wawili watawasaidia kuzijaza. Wenye watoto waliozaliwa hapa na bado hawana pasipoti, darasa la Jumanne tutaanza na fomu hizo kabla ya maswali ya mtihani, njooni na cheti halisi cha kuzaliwa, siyo nakala. Sasa maikrofoni anayo kijana pale karibu na mlango. Naona mikono tayari, na mzee pale mbele amekunja uso tangu nilipomtaja Shilling, kwa hiyo nitaanza na yeye. Karibu, mzee.